Bundi Mia Mbili kwa Siku

Mwezi wa pili, baridi ikiwa bado imeng'ang'ania mji wa Edo, Genshichi mpiga chapa aliketi mbele ya meza yake ya mteremko kama alivyoketi kwa miaka kumi na tisa, akafunua karatasi alizozilowesha jana yake na kuzikandamiza kwa mbao. Alizigusa kwa mgongo wa mkono. Karatasi ikilowa mno, rangi hutambaa. Ikikauka mno, rangi haishiki. Na pale katikati pana nafasi nyembamba ambayo fundi huijua kwa ngozi tu. Zilikuwa sawa. Akadondosha rangi nyekundu juu ya kibao cha mti wa mcheri kilichochongwa bundi, akaongeza tone la uji wa mchele, akasambaza kwa brashi, akailaza karatasi kwa kufuata alama mbili zilizochongwa pembeni, akasugua mgongo wake kwa kisugulio cha ganda la mwanzi, akainua. Akatoka bundi, mwekundu mwili mzima, macho yamemtoka pima.

Hiyo ndiyo kazi ya msimu ule, maana ndui ilikuwa mjini. Picha za ndui hazipigwi rangi nyingine ila nyekundu, kwa sababu Mgeni anaipenda, na Mgeni ndilo jina la heshima ambalo watu wa Edo humwita ndui akishaingia nyumbani. Hakuna anayemtukana aliyekwisha kukaa kitandani kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: aliyeusema msemo huo sidhani kama aliwahi kukaribisha mgeni wa namna hii. Picha hubandikwa juu ya kichwa cha mtoto. Bundi ana macho makubwa, basi na mtoto asipofuke. Akipona, siku ya kumi na mbili picha huwekwa juu ya kifuniko cha majani ya mpunga pamoja na wali wa kunde nyekundu, ikasukumwa mfereji­ni, Mgeni akaenda zake. Kwa hiyo jasho lote la Genshichi la miezi ile lilikuwa la kutupwa majini, naye hakuwahi kulalamika. Nyumba isiyobandika haikuwepo. Hata ombaomba wa chini ya daraja walitafuta kipande.

Karatasi ya arobaini na tatu ilitoka nyeupe.

Genshichi aliirudisha kibaoni, akaongeza rangi, akasugua mpaka kiganja kikamwaka moto. Bundi alikuwepo. Ukipitisha kidole ulimsikia, amekandamizwa ndani ya karatasi na manyoya yake yote, lakini rangi haikumshika hata chembe. Akaiweka kando, akaendelea. Ya arobaini na nne ilitoka nyekundu barabara. Kufika alasiri alikuwa amepiga mia mbili, na kati ya hizo sita zilikuwa nyeupe. Aliosha brashi, akaenda nyumbani na zile sita chini ya kwapa, kwa sababu katika kazi ile karatasi iliyoharibika ni haki ya mpiga chapa.

Mkewe, Otami, kwa kawaida alizitumia kuziba matundu ya mlango wa karatasi na kumpenga mtoto kamasi. Safari hii hakuziba tundu. Katika msururu wao wa nyumba, vyumba ishirini vinavyochangia kisima kimoja, palikuwa na watoto wagonjwa ambao mama zao hawakuwa na cha kununulia picha. Otami aliwagawia. Aliona picha ni picha, na bundi si anaonekana ukimgusa? Walimshukuru sana. Ndani ya siku kumi watoto wote sita walizikwa, na hakuna aliyeona ajabu, kwani ndui ni kazi yake kuua.

Aliyeunganisha mambo ni Bibi Okumi, mwanamke mzee aliyechuuza picha kwa kikapu mgongoni, ambaye miguu yake ilikuwa imepita kila mlango toka kwenye ngome hadi mashambani. Aliingia siku moja kwenye duka lililouza picha za Genshichi, naye Genshichi akiwa amekuja kukabidhi mzigo. Akaketi ukingoni mwa sakafu, akavua viatu, akasugua vidole.

"Bwana," alimwambia mwenye duka, "wale bundi wenu wekundu, watoto wote wamepona. Wote. Nimepita nyumba kwa nyumba. Na waliobandikiwa weupe wamekwenda wote. Naomba chai."

Mwenye duka aliitwa Denzaemon. Mgeni alipita kwao yeye akiwa na miaka minne, akamwachia mashimo usoni na kuwachukua dada zake wawili, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuifanyia ndui mzaha. Tena hakuwa mtu mbaya, au tuseme hakuanza akiwa mbaya. Alimmiminia bibi chai, akafikiri kidogo, akamwagiza Genshichi kwamba kuanzia kesho nyeupe zote zichomwe jikoni, asipewe mtu hata moja.

Wakachoma sita. Kesho yake zikatoka kumi na mbili. Wakachoma kumi na mbili, zikatoka ishirini na nne. Siku ya nne zilikuwa arobaini na nane, na mkono wa Genshichi ulianza kusita kila alipoinua pembe ya karatasi. Denzaemon alikuja mwenyewe mpaka kwenye chumba cha kazi, akazitazama zimelala kando kama foronya, akasema sasa ameelewa.

"Mgeni ana idadi yake, fundi. Ukimnyima leo, kesho anazitaka hizo pamoja na nyingine. Lazima zitoke zikabandikwe mahali."

"Basi zichanganywe na nyekundu," alisema Genshichi. "Mtu achukue itakayomwangukia."

Denzaemon alimtazama kama mtu aliyeambiwa avae kiatu kichwani. Hakukasirika. Alimuuliza taratibu kama anataka mtoto wa nyumba kubwa ya dawa na mtoto wa muuza maharage wawe na bahati moja. Ndivyo hasa Genshichi alivyokuwa ametaka, lakini likisemwa kwa sauti ya tajiri neno lenyewe lilionekana la kipuuzi.

Mpango ukawa hivi. Nyekundu za kweli zilipigwa muhuri wa duka na kwenda kwa nyumba zilizoandikwa majina: wenye dawa, wenye hariri, wenye pombe, mabwana wa upanga. Nyeupe zilirudi mezani kwa Genshichi, naye akazipaka kwa mkono, brashi juu ya mistari ile iliyokandamizwa, kwa udongo mwekundu wanaopakia nguzo. Zikikauka Bibi Okumi alizivusha daraja na kuziuza kwa bei ya bakuli la tambi. Siku hiyohiyo idadi ilishuka, ikatulia kwenye sita, saba, mara nane.

Mtu wa kawaida hakuweza kuzitofautisha. Mpiga chapa aliweza. Nyekundu ya maua, ile ya kweli, ikikauka ukaiinamisha kwenye mwanga, hutoa kijani kwa mbali, kama mgongo wa mbawakawa. Udongo hautoi kitu. Ni mwekundu tu, mwekundu wa mfu. Genshichi alijifunza jambo hilo akiwa na miaka kumi na miwili kwa kupigwa makofi, na mjini kote huenda walikuwepo watu arobaini waliolijua, wote wakiwa wamepinda mgongo juu ya meza kama yake.

Hakumwambia mtu. Alijua angesema nini na nini kingefuata. Watu wa ng'ambo ya daraja wangekataa kununua, picha zingerudi, idadi ingekua maradufu na maradufu tena mpaka zote mia mbili ziwe nyeupe, na binti yake Osayo, mwenye miaka mitano, alikuwa bado hajatembelewa na Mgeni. Hiyo ndiyo hesabu aliyolala nayo na kuamka nayo. Kisimani wanawake walimwinamia. Walisema afadhali yeye, amewakumbuka wanyonge, picha nyekundu ya duka kubwa kwa bei ya tambi, mikono yake na ibarikiwe. Yeye aliitikia kwa kichwa, akachota maji, akaondoka. Usiku au mchana, ilikuwa mamoja, alijichukia kwa kiasi ambacho kisingemzuia kufanya kazi.

Kufa kufaana. Denzaemon aliezeka upya paa la ghala.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu Osayo alianza homa, na siku ya tatu vipele vikamtoka kifuani. Otami alimvika nguo nyekundu, akaweka maua mekundu kwenye kibuyu, akamkaribisha Mgeni kwa maneno mazuri. Genshichi alikwenda dukani, akapiga goti, akaomba nyekundu moja ya kweli. Denzaemon aliitoa bila kubishana, tena akaifunga kwa kitambaa. Alisema fundi wake kastahili, na fundi mmoja nyumba moja, hiyo ndiyo kanuni, jambo hili lisije likawa mazoea. Genshichi aliibandika mwenyewe juu ya kichwa cha mtoto, akainamisha shingo mpaka akaona kile kijani, akaenda kazini akiwa mwepesi kuliko alivyokuwa kwa wiki nyingi. Siku hiyo alipiga mia mbili na hakuharibu karatasi hata moja kwa mkono wake. Nyeupe zilikuwa saba.

Aliporudi jua la alasiri lilikuwa limeingia ndani mpaka ukutani. Osayo alikuwa amekauka midomo, anapumua kwa haraka. Genshichi alimtazama bundi. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akapiga magoti, akainama mpaka shavu likagusa ukuta. Hapakuwa na kijani. Na pembeni mwa mdomo wa bundi palikuwa na alama ya kidole, ambayo aliitambua, kwani kilikuwa kidole chake mwenyewe.

"Hii imetoka wapi?" alimuuliza mkewe.

Otami alikuwa anapuliza uji. Alisema amebadilishana na Mama Ohatsu wa chumba cha pili, yule mjane muuza maharage ya kuchemsha. Ohatsu naye amelala tangu juzi, vipele vimemwingia mpaka kooni, hanywi hata maji, na bundi wake aliyenunuliwa kwa Bibi Okumi ana doa mdomoni.

"Niliona aibu," alisema. "Mimi mke wa fundi nina picha safi, jirani yangu ana ya doa, na wa kwake ndiye mgonjwa zaidi. Doa si kitu. Nyekundu ni nyekundu, Baba Osayo."

"Umefanya vizuri," alisema Genshichi.

Otami alikuwa mwanamke mwema, na wema wake haukuwa na kosa isipokuwa kwamba haukuambiwa kitu. Laiti angemwambia. Lakini mtu humwambiaje mkewe kwamba wale watoto sita wa kwanza ni yeye aliyewagawia? Genshichi alibandua picha ukutani kwa kuilowesha pembe moja baada ya nyingine, polepole, asiipasue. Akachukua kibakuli cha gundi ya mchele, akatoka.

Kwa Mama Ohatsu mlango ulikuwa wazi na mvuke wa maharage umejaa ndani. Mtoto mchanga, Otome, alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala. Mama Ohatsu alikuwa anacheka peke yake, kwa furaha. Alimwambia Genshichi kwamba Ohatsu amekunywa maji. Tangu mchana, tangu Mama Osayo alipoleta ile picha nzuri, koo limefunguka, amekunywa vikombe viwili na kuomba tunda fulani, sijui gani, hata halipo msimu wake. Ohatsu alikuwa ameketi. Alikuwa na miaka sita, uso umevimba, lakini macho yake yalifunguka na kumfuata fundi alivyopanda sakafuni.

Genshichi alisema amekuja kwa sababu ya picha. Ile iliyoletwa imepigwa kombo, bundi ameinamia kushoto kama mlevi, na fundi hawezi kulala akijua jirani yake ana picha ya kombo. Hii hapa imenyooka. Lile doa si kitu.

Mama Ohatsu alichungulia. "Mimi sioni ukombo wowote."

"Huwezi kuuona. Ni unene wa unywele."

"Haya, wewe na unywele wako," alisema akicheka, na akamshikia kibakuli cha gundi.

Alibandua ile moja, akaitia kifuani. Akabandika ile nyingine. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kabisa, kwani ilikuwa mikono iliyozoea. Alipima pembe zote nne kwa kidole gumba, akasawazisha kwa upande wa kiganja, pasiwe na hewa chini.

"Bundi amebadilika," alisema Ohatsu. "Huyu hanitazami."

"Nyamaza, mwanangu. Mshukuru Baba Osayo."

Mtoto alishukuru. Genshichi alisema si kitu, akarudi kwake hatua kumi na moja, akambandika bundi mwenye kijani juu ya kichwa cha binti yake. Otami alitazama. Tangu siku ile hakumuuliza mumewe jambo lolote kuhusu picha, na wala hakumpa tena mtu karatasi.

Osayo alianza kushuka homa alfajiri. Ohatsu alifunga koo siku ileile na kufa siku ya tatu kabla ya adhuhuri, maharage yakiwa jikoni. Wanaume wa msururu walileta kipipa cha kuzikia, Genshichi akiwa mmoja wao, na ndiye aliyeshika upande wa mbele. Mama Ohatsu aliikunja ile picha mara nne, akaiweka kwenye mikono ya mtoto.

Siku ya kumi na mbili Otami alimwosha Osayo kwa maji ya moto yenye pombe kidogo, magamba yakamtoka. Alibaki na alama mbili tu karibu na sikio. Palipikwa wali wa kunde nyekundu. Na kwa kuwa ada ni ada, anayepona hupeleka sahani kulia na kushoto kwake. Otami aliishika ile sahani ya kushoto akaiweka chini, akaishika tena, akaiweka chini, mwisho Genshichi akaichukua yeye. Mama Ohatsu aliipokea kwa mikono miwili. Akala tonge moja mbele yake kama inavyotakiwa, akalitafuna sana, akameza. Akasema wali umeiva vizuri.

Mchana walikwenda mfereji­ni kumsindikiza Mgeni, na Mama Ohatsu akafuatana nao na Otome mgongoni. Osayo mwenyewe ndiye aliyesukuma kile kifuniko cha majani. Bundi alizunguka mara moja karibu na ukuta wa mawe, akashika mkondo, akaenda na wali wake. Picha ya kweli haihifadhiwi. Ukiibakiza nyumbani, Mgeni huona hajaruhusiwa kuondoka, naye hurudi kitandani alikokuwa. Genshichi aliisimamia ikienda mpaka ikapita chini ya daraja. Aliona wazi kwamba ingeweza kumfaa mtu mwingine, tena alijua nani, kwani Otome alikuwa bado hajatembelewa na Mgeni, na hakunyoosha mkono.

Mama Ohatsu alimsogelea, akamgeuzia mgongo ili aone shingo ya mtoto. Shingo ilikuwa nyekundu.

"Tangu jana ana moto," alisema. "Naomba unipigie moja, Baba Osayo. Isiwe ya kikapuni. Itoke mkononi mwako wewe mwenyewe. Ile uliyoniletea ilikuwa nzuri, mimi silaumu picha. Ohatsu alikuwa keshachelewa."

"Kesho," alisema Genshichi.

Kesho yake alimwomba Denzaemon. Denzaemon alikuwa anapiga muhuri na hakuinua kichwa. Alisema kila fundi ana jirani, na kila jirani ana jirani wake, na nyekundu zote mia moja tisini na tatu zina majina. Akataja kanuni yake. Genshichi angeweza kupiga kelele, na angeweza kuiba. Aliyafikiria yote mawili kwa uaminifu wakati akirudi mezani. Nyekundu moja ikipungua ingejulikana kabla ya jua kuzama, asubuhi yake pangeketi fundi mwingine kwenye mto wake, bundi wangekuwa walewale, na nani angempa kazi nyingine mtu wa miaka arobaini anayejua kusugua tu? Hayo yote yalikuwa kweli. Hata hivyo, alijua pia kwamba Osayo amekwisha pona, na kwamba mtu ambaye wake kapona hufikiri kwa utulivu mno.

Akachukua moja katika zile saba. Aliipaka udongo mara mbili, akangojea mpako wa kwanza ukauke kabla ya wa pili, jambo ambalo hakuwahi kuwafanyia wengine. Hakuacha doa. Alipofika msururuni akaikabidhi, na Mama Ohatsu akaiinua juu kwenye mwanga, akaigeuza, akasema hakuna duka lolote mjini linalouza kazi kama hii, akakimbilia ndani kuibandika.

Wanawake husemezana kisimani. Asubuhi iliyofuata, kabla Genshichi hajafungua mlango, nje palikuwa na mama watano, wawili kati yao kutoka ng'ambo ya soko, na watoto wao wamefungwa mgongoni kwa vitambaa vyekundu. Waliomba bundi waliotoka mkononi mwa fundi mwenyewe. Genshichi alikuwa amezileta nyumbani zile sita zilizobaki, akazipaka udongo usiku na kuzitandaza juu ya sakafu. Otami aligeukia ukuta akamwosha mtoto uso. Genshichi aliinama, akazigusa kwa mgongo wa mkono, moja moja, kisha akatoka na kuwaomba wangoje kidogo, rangi ilikuwa haijakauka.